Mashine Yenye Watu Ndani

Laptopu ya mtumba hufika Kigonsera, wilayani Mbinga, ikiwa na jina la mtu. Ukiiwasha, kabla hujaona chochote kingine, jina la mgeni linajitokeza katikati ya kioo: Steve, Karin, Reception 2, au herufi tatu za kampuni zikifuatwa na namba. Chini yake kuna kisanduku kinachodai nywila. Mnunuzi ameshalipa, ameshapokea mzigo wake kwenye basi, ameshawaonyesha watu wa nyumbani. Mashine yenyewe bado inamtambua mwingine.

Imetoka mbali. Nyingi za aina hii huanzia maofisini Ulaya, Marekani au Ghuba, ambako kampuni hubadilisha vifaa kila baada ya miaka michache na kuviuza kwa jumla. Hupita mikononi mwa wafanyabiashara, mara nyingi Dubai, hadi Kariakoo, ambako hufutwa vumbi, hutafutiwa chaja na kupangiwa bei kwa umri wa prosesa. Kutoka hapo ni boksi lililozungushiwa selotepu, basi la Songea, kisha lami inayopita Peramiho kuelekea Mbinga. Nyingine haziishii hapo. Zinateremka milima hadi Mbamba Bay na Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, stika ya namba ya mali ya kampuni ikiwa bado imeganda mgongoni.

Na zitaongezeka. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 haikubali kukaa rasmi kwenye kompyuta isiyo na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni. Kwa ofisi ya Frankfurt au Manchester, mashine nzima kabisa, yenye kibodi isiyo na herufi hata moja iliyofutika, imegeuka mzigo wa kuondolewa. Kwa mwalimu anayetaka kuandaa mitihani, karani wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, au kijana anayefungua steshenari baada ya kuuza kahawa, ndiyo kompyuta.

Kazi ya kwanza, basi, ni kumwondoa mwenye jina. Mafundi wa huku wanaifanya kila siku, na mazungumzo yake hayachukui muda.

“Mwalimu, nikupigie window mpya au nikufungulie akaunti yako tu?”

“Kwani tofauti ni nini, fundi?”

“Window mpya ni nusu siku na bei nyingine. Akaunti ni dakika mbili, unaondoka nayo.”

“Basi fungua akaunti, nina vipindi mchana.”

Fundi anaingia kwa nywila ambayo muuzaji ameiandika kwenye kipande cha karatasi, mara nyingi 1234. Anafungua akaunti mpya, anaipa mamlaka yote, anaizima ile ya zamani isionekane. Mwalimu anawasha na kuona jina lake. Ameridhika, na ana haki ya kuridhika, kwa sababu macho yake hayaoni tena mgeni yeyote. Ila mgeni hajatoka. Amehamishiwa chumba cha ndani na mlango umefungwa.

Windows haimjui mtu kwa jina lake. Kila akaunti inapozaliwa hupewa namba ndefu, kwa kawaida inayoanza na S-1-5-21, na hiyo ndiyo mashine huiamini. Jina ni la kuwaonyesha binadamu tu. Ndiyo maana mtu anaweza kubadilisha “Karin” akaandika “Mwalimu”, kisha siku moja akiwa anatafuta faili akashangaa kukuta folda yake, ndani ya ile iitwayo Users, bado inaitwa Karin. Kubadilisha jina la akaunti hakubadilishi jina la folda. Anatumia nyumba ya Karin, na ikiwa hakuna aliyesafisha, barua za Karin bado ziko kwenye droo.

Wapo wajasiri wanaoingia kwenye folda ya Users na kuifuta ile ya zamani kwa mkono, kama wanavyofuta filamu waliyokwisha kuiangalia. Faili zinaondoka kweli, lakini ile namba ndefu inabaki imeandikwa kwenye daftari la ndani la mfumo, na akaunti ile ikija kufunguliwa tena Windows inalalamika na kutoa makazi ya muda: kila kitakachohifadhiwa humo kinapotea mtu akitoka. Wengine hupitia Control Panel, ambako mashine huuliza swali la kistaarabu: ufute faili za mtu huyu au uzitunze? Asiyeelewa Kiingereza vizuri, au mwenye haraka, anabonyeza kutunza. Matokeo yake ni folda mpya juu ya meza ya kompyuta, yenye jina la mgeni, picha na nyaraka zake zikiwa zimepangwa tayari kwa kusomwa. Njia safi ya kumwondoa mtu mmoja ipo: kwenye Settings, sehemu ya akaunti, ukiagiza akaunti iondolewe pamoja na data zake, vyote viwili huondoka kwa pamoja, jina na folda.

Hata hapo kuna kinachobaki. Orodha ya mitandao ya Wi-Fi ambayo mashine iliwahi kujiunga nayo, kwa kawaida, haikai kwenye folda ya mtu. Hukaa kwenye sehemu ya mashine nzima, pamoja na nywila zake. Futa akaunti zote, fungua yako, kisha itazame ile orodha: Wi-Fi ya hoteli, ya uwanja wa ndege, ya hospitali, ya nyumba yenye jina la ukoo. Kwa mwenye subira ya kusoma, hapo pana ramani ya maisha ya mtu asiyemjua, alikolala, alikosubiri ndege, alikotibiwa au kumpeleka mgonjwa. Na kama diski imegawanywa mara mbili, C na D, kama mafundi wetu wanavyopenda, kufuta akaunti hakuigusi D hata kidogo. Ndiyo sehemu watu wanayohifadhia vitu wasivyotaka vipotee, na wakati mwingine vitu wasivyotaka vionekane.

Lipo pia suala la kufuta kwenyewe. Anayelima ngolo kwenye milima ya Umatengo atalielewa kuliko wengi. Kwa desturi wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, zikafanya miraba. Kisha wanawake huchimba katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi kwa udongo, na maharage hupandwa juu ya tuta. Anayepita barabarani anaona shamba jipya, safi. Nyasi ziko palepale chini, na atakayefukua mapema atazikuta nzima. Diski ya zamani ya kuzunguka hufanya hivyohivyo: kufuta faili ni kuandika tu kwamba eneo lile sasa ni wazi, na maneno yenyewe hukaa mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kufomati kwa haraka hakuongezi mengi. Diski za kisasa aina ya SSD zina nafuu, kwa kuwa mfumo huziarifu mara moja kwamba eneo halihitajiki nazo hulisafisha zenyewe. Lakini mashine nyingi za bei ndogo bado zina diski ya kuzunguka.

Jambo hili limewahi kupimwa. Simson Garfinkel na Abhi Shelat, wakiwa chuo cha MIT nchini Marekani, walinunua diski 158 zilizotumika na kuchapisha walichokiona mapema mwaka 2003. Diski 129 zilisomeka. Zilizokuwa zimefutwa sawasawa zilikuwa 12 tu. Katika nyingine walikuta namba za kadi za benki zaidi ya 5,000, barua za mapenzi na taarifa za matibabu, na diski moja ilionekana kutoka kwenye mashine ya ATM ya jimbo la Illinois. Mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari kutoka Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walinunua diski kuukuu nchini Ghana kwa fedha kidogo, na katika mojawapo wakakuta nyaraka za Northrop Grumman, kampuni inayoiuzia serikali ya Marekani vifaa vya kijeshi. Kama kampuni ya namna hiyo, yenye wanasheria na wataalamu wa usalama, ilishindwa kujua diski yake imeishia wapi, Karin wa mapokezi asilaumiwe sana.

Mpaka hapa hadithi ni ya mgeni wa mbali, na ni rahisi kuichukulia kama ya kuchekesha. Nani Kigonsera atamdhuru Karin? Tatizo linageuka sura mashine inapobadilisha mikono kwa mara ya pili, hapahapa nyumbani.

Steshenari za vijijini na miji midogo ya Tanzania zina kompyuta moja au mbili, na akaunti yake kwa kawaida haina jina la mtu. Inaitwa HP, User, au Admin. Ukiitazama utadhani haina mwenyewe. Fungua folda ya Downloads, au ile ya skana, na utakuta kata nzima. Cheti cha kidato cha nne cha huyu, barua ya maombi ya kazi ya yule, mukhtasari wa kikao cha kikundi cha kuweka na kukopa, mkataba wa kuuziana shamba, picha ya pasipoti iliyokatwa vizuri ikiwa na mandhari ya bluu, kitambulisho cha NIDA mbele na nyuma. Mteja anatuma faili kwa WhatsApp ya duka, inachapwa, analipa, anaondoka. Faili haiondoki.

Msimu wa maombi ya mkopo wa elimu ya juu ndio mzito kuliko yote. Mwombaji anatakiwa kuambatisha cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kitambulisho cha mdhamini, na fomu iliyosainiwa serikali ya mtaa au kijiji na mbele ya hakimu au wakili. Aliyefiwa na mzazi anaongeza cheti cha kifo. Vyote vinapitishwa kwenye skana, kimoja kimoja, na kupakiwa kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo. Ili yatima athibitishe kwamba anastahili, msiba wake unaingia kwenye kompyuta ya duka na kupewa jina kama “scan0047”. Nywila ya akaunti yake ya maombi imehifadhiwa kwenye kivinjari, kwa sababu mwenye duka alibonyeza kukubali ili kesho asisumbuliwe. Miaka miwili baadaye mwenye duka anapata mashine bora, na ile ya zamani anaiuza kwa fundi, au kwa mwanafunzi anayekwenda chuo.

Hapo mmiliki wa zamani ni nani? Mashine inasema ni “HP”. Ukweli ni kwamba ni mamia ya watu, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa.

Kigonsera ina mfano wa utunzaji wa namna nyingine, tena wa muda mrefu. Misheni ya Wabenediktini ilifunguliwa hapa mwaka 1899, mwaka mmoja baada ya Peramiho. Parokia za Kikatoliki huandika vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo, na huvitunza daima. Kuna mtu anayewajibika navyo. Anayehitaji cheti cha ubatizo huenda ofisini, hueleza shida yake, naye huandikiwa. Wazee ambao hawakuwahi kusajiliwa wamewahi kutumia vyeti hivyohivyo kama ushahidi wa kuombea cheti cha kuzaliwa. Kisha cheti hicho kinapelekwa steshenari kutolewa nakala. Kitabu kiko kabatini chini ya ufunguo wa paroko, lakini picha ya ukurasa wake iko kwenye folda ya Downloads, bila ufunguo na bila mtunzaji.

Sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtambua anayekusanya taarifa za watu na kumtaka asizitunze kupita muda unaohitajika kwa shughuli iliyozileta. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa. Lakini ni vigumu kumwona mkaguzi akishuka kwenye basi Kigonsera kukagua folda za mwenye duka la fotokopi, na pengine si busara kumngoja. Benki na kampuni za simu zina wanasheria wa kushughulikia sheria hizi. Mwenye duka ana nafsi yake tu, na foleni ya wateja.

Kwa hiyo jambo linarudi kwa anayeshika mashine. Kati ya dakika anayoingia kwa ile nywila ya kwenye karatasi na dakika anayofuta, mnunuzi anakuwa na siri za watu ambazo hakuziomba. Wengi huchungulia. Ni kawaida ya binadamu, na mafundi wenyewe husimulia kwa kicheko mambo wanayoyakuta. Kicheko hicho ndicho kinachotia shaka. Fundi anayekusimulia picha za mteja wa jana atamsimulia mteja wa kesho za kwako. Kuna mafundi wa aina nyingine, na wanajulikana kwa jambo dogo tu: wanamwomba mteja akae pembeni yao wakati wanafanya kazi, na hawafungui folda ambayo hawakutumwa.

Ipo mashine moja ambayo haraka ya kufuta haifai. Ni ile ya marehemu. Laptopu ya kaka inakwenda kwa mdogo wake kama sehemu ya mirathi, na ndani yake kuna picha za harusi, sauti alizorekodi, hesabu za nani anamdai nani. Hapo mtu atulie. Vihamishwe kwanza kwenye diski ya nje mbele ya familia, madeni yasomwe na msimamizi wa mirathi, na akaunti iondolewe baada ya hayo. Aliyefuta mapema kwa nia njema ya kusafisha ameipotezea familia kitu kisichonunulika Kariakoo.

Mara nyingine mashine yenyewe hukataa. Kampuni kubwa husajili laptopu zake kwenye mtandao wa Microsoft, na usajili huo haukai kwenye diski. Unaweza kufuta kila kitu, ukapiga Windows mpya, na mara tu ukiunganisha intaneti inakukaribisha kwa jina la kampuni iliyokuwa nayo na kukudai barua pepe ya kazi. Hakuna fundi wa Songea atakayeiondoa kihalali. Kampuni ile ndiyo yenye uwezo wa kuiachia. Mnunuzi mwenye akili huiwasha na kuiunganisha na intaneti akiwa bado dukani, kabla ya kutoa pesa. Kwa anayenunua kwa picha za Instagram na kutumiwa kwa basi, nafasi hiyo haipo, na wauzaji wengine wanalijua hilo.

Mzigo wa kusafisha umewekwa kwenye mabega yasiyostahili. Mnunuzi ndiye anayehangaika kumwondoa Karin, ilhali mwenye wajibu ni aliyeuza: kampuni ya huko kwanza, kisha muuzaji wa Kariakoo, kisha mwenye steshenari wa hapa. Wala kazi yenyewe haina gharama ambayo fundi humtishia nayo mwalimu. Tangu Windows 8 mfumo wenyewe una njia ya kujirudisha upya, na leseni ya laptopu nyingi za kampuni iko kwenye mazabodi yake, hivyo hairudiwi kununuliwa wala haihitaji flashi yenye Windows ya kuchakachua.

Wenye steshenari wa Kigonsera, Mbinga mjini na Mbamba Bay, hili ni ombi kwenu kabla hamjaiuza ile mashine ya zamani. Nakilini kazi zenu kwenye diski ya nje. Chomekeni chaja na hakikisheni betri imejaa, kwa sababu umeme ukikatika katikati mashine inaweza isiwake tena. Ingieni sehemu ya kurudisha mfumo upya, chagueni kuondoa kila kitu, kisha kusafisha diski kikamilifu, diski zote, pamoja na D. Ikiuliza ipakue Windows kutoka mtandaoni au itumie iliyomo ndani, chagueni ya ndani. Ya mtandaoni inameza gigabaiti kadhaa za bando. Kwenye diski ya kuzunguka kazi hiyo huchukua saa nyingi, hivyo ianzeni jioni mnapofunga duka. Na mnunuzi akija asubuhi, muwashieni mbele yake. Anapaswa kukutana na skrini inayomuuliza yuko nchi gani na anatumia lugha gani, na isiwe na jina la mtu yeyote.